Rangi ya Njano Iliyofifia eBay

Kuna kisa ambacho wasanifu wa tovuti wamekuwa wakisimuliana kwa miaka mingi. Kinatoka kwa Jared Spool, Mmarekani aliyebobea katika kuchunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti. Anasimulia kwamba eBay, lile soko kubwa la mnada mtandaoni, ilikuwa na kurasa nyingi zilizopakwa njano kali. Siku moja wahusika wakaona njano imepitwa na wakati, wakaiondoa na kuweka nyeupe. Barua pepe za malalamiko zikamiminika, wakalazimika kuirudisha. Kisha wakabadili mbinu. Kwa miezi kadhaa waliipunguza njano kidogo kidogo, hadi ikabaki nyeupe ileile iliyokataliwa. Safari hii karibu hakuna aliyelalamika, kwa sababu karibu hakuna aliyegundua.

Wasanifu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, kama somo la subira: watu hawapendi mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo nenda nao taratibu. Mimi kila nikikisoma naona somo jingine. Ukibadilisha duka la mtu kwa siku moja, ana siku ya kukuuliza. Ukilibadilisha kimya kimya, siku hiyo haipo. Atalalamikia nini, Jumanne ipi?

Hebu tuanze mwanzo. Septemba 1995, Pierre Omidyar, mtengeneza programu wa San Jose, California, alifungua tovuti aliyoiita AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kimulikio cha leza kibovu, kilichoondoka kwa dola 14.83. Jina la eBay likawa rasmi 1997, na mwaka uliofuata hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwa umma. Katika miaka hiyo tovuti ilimpa muuzaji nafasi tupu, basi. Picha alitafuta mwenyewe pa kuzihifadhi, kwenye tovuti nyingine. Maelezo ya bidhaa, kama alitaka yapendeze, aliyapamba kwa HTML, lugha ya kuundia kurasa, na aliyeijua kidogo alimfundisha asiyeijua kabisa.

Matokeo yake yalikuwa vurugu tupu: herufi kubwa nyekundu, mandhari ya zambarau, picha zinazochezacheza, aya ndefu zinazoeleza kikombe kilitoka kwa bibi gani na kimepata ufa mwaka gani. Mwaka 2001 kampuni ikaanzisha huduma ya Stores. Kwa dola 9.95 kwa mwezi, muuzaji alipata duka lenye jina lake, nembo yake na mafungu ya bidhaa aliyoyapanga mwenyewe. Sisi tunaopenda maandishi tunapaswa kuyaangalia maduka yale kwa jicho la pekee. Yalikuwa aina ya uandishi. Mtu ambaye asingejiita mwandishi hata siku moja alikaa usiku akitafuta sentensi ya kumshawishi mgeni wa mbali amwamini. Rangi na mpangilio vilikuwa sehemu ya sauti yake.

Kiswahili cha mjini kina neno linalofaa hapa: fremu. Mtu akikwambia amepata fremu Kariakoo, unaelewa kwamba ukuta ni wa mwenye jengo, lakini duka ni lake. Analipa kodi, pengine na kilemba juu, kisha anapaka rangi, anatundika kibao, anapanga bidhaa anavyojua yeye. Mwenye jengo anaweza kupandisha kodi, na hapo watagombana. Lakini hawezi kuja usiku akahamishia mlango uani, akakipunguza kibao, akatundika dirishani bango la jirani anayeuza vitu vilevile, halafu asubuhi akamsalimia mpangaji kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtandaoni anaweza.

Mwaka 2008 unaonyesha vizuri. Kabla ya hapo, mteja akitafuta kitu eBay, orodha ilianza na minada inayokaribia kuisha. Kila mtu aliielewa kanuni hiyo, hata aliyeumizwa nayo. Mwaka ule mpangilio wa kawaida ukawa Best Match, ambapo kompyuta huamua kipi kinamfaa mteja zaidi. Ujio wake ulitangazwa. Uzito wa kila kigezo, na marekebisho madogomadogo yaliyofuata, ulibaki siri ya kampuni. Muuzaji aliyekuwa juu akajikuta chini, na hakukuwa na barua ya kumweleza amekosa nini.

Mwaka huohuo, Julai, Apple ilifungua duka lake la programu za simu, na eBay ilikuwa miongoni mwa waliokuwamo tangu mwanzo. Hapo ndipo ukuta ulipoanza kusogea kweli. Kioo cha simu ni kidogo, zambarau na herufi nyekundu hazina pa kukaa. Maelezo ambayo muuzaji aliyahangaikia yakawekwa nyuma ya kitufe: anayetaka kusoma abofye. Wangapi hubofya? Kuanzia 2015 yakaja matangazo ya kulipia ndani ya soko, na wauzaji wakaanza kulalamika kwamba wanaona bidhaa za washindani wao kwenye kurasa za bidhaa zao. Juni 2017 kampuni ikapiga marufuku vipande vya programu ndani ya maelezo, vile vilivyomwezesha muuzaji kuonyesha bidhaa zake nyingine zikipita kama mkanda wa filamu. Hili lilitangazwa mapema, na sababu zake, usalama na kasi ya kurasa, zilikuwa za kueleweka. Lakini ukiyaweka yote pamoja unaona mwelekeo: sauti ya muuzaji inapungua, ya mwenye jengo inapanda.

Sasa linganisha na yale yaliyotangazwa. Januari 2005 eBay ilisema kodi ya duka la kawaida itapanda kutoka dola 9.95 hadi 15.95. Wauzaji walikuja juu, na kampuni ikalegeza baadhi ya mambo. Mwanzoni mwa 2008 ilitangaza ada mpya na kwamba wauzaji hawataruhusiwa tena kumpa mnunuzi alama mbaya. Februari hiyo baadhi yao walisusa kwa wiki nzima. Mwaka 2022 Etsy, soko la vitu vya kutengenezwa kwa mikono lililoanzia Brooklyn 2005, ilitangaza kwamba makato kwa kila mauzo yatapanda kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Kuanzia tarehe 11 Aprili, siku ada mpya ilipoanza kutumika, maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa wiki moja kama mgomo.

Migomo hiyo haikushinda yote iliyodai. Asilimia 6.5 ilibaki 6.5. Lakini ilifanyika, na iliwezekana kwa sababu kulikuwa na tangazo lenye tarehe. Watu wasiojuana, mmoja anauza vitambaa na mwingine sarafu za kale, walikutana kwenye siku moja ya kalenda. Tangazo, hata likiwa la habari mbaya, humpa mnyonge mahali pa kusimama. Mimi sijasikia mgomo wowote mkubwa dhidi ya kitufe kilichosogezwa, ingawa kitufe kinaweza kumpunguzia mtu kipato kuliko asilimia moja na nusu.

Wahandisi wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Masoko haya hufanya majaribio kila siku: nusu ya wateja wanaonyeshwa ukurasa wa namna moja, nusu nyingine wa namna ya pili, kisha mauzo yanahesabiwa. Ukitangaza jaribio, unaliharibu, kwa kuwa watu wanaojua wanatazamwa hubadilika. Na ni kweli pia kwamba malalamiko mengi ya siku ya kwanza huisha watu wakizoea. Fikiria lakini maana ya jaribio hilo kwa mwenye duka. Wateja wawili wanaingia dukani kwake saa moja na wanaona maduka mawili tofauti, naye hajui yuko katika lipi. Mauzo yakishuka atajilaumu mwenyewe: pengine picha si nzuri, pengine bei iko juu, pengine msimu. Atashusha bei ya kitu ambacho hakikuwa na tatizo la bei. Hiyo ndiyo gharama ya ukimya, na haionekani kwenye hesabu ya jaribio.

Sheria imeanza kulitazama jambo hili, ila kwa jicho moja. Tangu tarehe 12 Julai 2020, kanuni ya Umoja wa Ulaya inazitaka kampuni za masoko ya mtandaoni kuwapa wauzaji notisi ya angalau siku 15 kabla ya kubadili masharti ya mkataba, na kueleza vigezo vikuu vya kupanga bidhaa. Inataka hata utambulisho wa muuzaji uonekane waziwazi kwa mnunuzi. Ni hatua kubwa. Lakini notisi inahusu maneno ya mkataba. Mpangilio wa ukurasa, yaani ukubwa wa picha, mahali pa kitufe, idadi ya mibofyo hadi kwenye maelezo, kwa kawaida si maneno ya mkataba. Karatasi imelindwa, ukuta haujalindwa.

Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Kwetu, duka la mtandaoni kwa wengi ni ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp. Januari 2025 Instagram ilibadilisha picha za kwenye ukurasa wa mtumiaji, kutoka miraba tuliyoizoea kwenda mistatili ya wima. Kwa anayepakia picha za harusi ni suala la urembo. Kwa anayeuza viatu, aliyeandika bei na saizi pembeni mwa picha, au aliyepanga picha tisa zikae pamoja kama bango moja, ni kibao cha duka kilichokatwa ncha. Kazi ya miaka ikahitaji kupangwa upya, bila malipo, kwa ajili ya uamuzi uliofanywa California.

Mwanahistoria naye anaachwa mikono mitupu. Ada ina waraka. Sharia ya mkataba ina tarehe na toleo. Lakini ni nyaraka gani zitamweleza mtu wa mwaka 2060 kwamba maelezo ya muuzaji yalihamishiwa nyuma ya kitufe, lini, na kwa nani kwanza? Ninapotaka kujua duka fulani lilionekanaje zamani, nakimbilia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa iliyofunguliwa kwa umma 2001 na shirika la Internet Archive. Ni hazina, lakini ina matundu. Inakupa ukurasa wa Machi na ukurasa wa Agosti. Yaliyotokea katikati unayakisia. Mara nyingine picha zimepotea na kubaki fremu tupu. Tena jaribio lenye nyuso mbili haliwezi kuhifadhiwa kwa nakala moja.

Ndiyo maana nawashauri wauzaji ninaowafahamu wafanye jambo dogo: kila mwezi wapige picha ya skrini ya duka lao, kwenye simu yao na kwenye simu ya mtu mwingine, waihifadhi pamoja na tarehe na mauzo ya mwezi. Haitamzuia mwenye jengo kusogeza mlango. Itawasaidia tu kujua umesogea lini, ili bei isishushwe kwa kosa ambalo si la bei, na ili watu kumi wakilinganisha picha zao waweze kusema kwa pamoja: ilikuwa wiki ile. Ile njano ya eBay ingekuwa na shahidi kama watu kumi tu wangefanya hivyo.