Nakala Moja Si Nakala: Kutoka Kilwa Mpaka Mbangala

Huku kampasi mambo ndiyo hayo, mitihani inanukia, bumu limeshageuka historia, na kila ukipita maktaba unakuta watu wameshikilia flashi zao kama hirizi. Wiki hii kuna jamaa wa hosteli ya jirani flashi yake imegoma kabisa kusoma, na ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo humo, sura zote. Wengine wamempa pole, wengine wamemcheka. Mimi ninayesomea ualimu wa Historia sikuona cha kucheka, maana kilichompata yule jamaa kimewahi kupata dola nzima. Basi leo tupige stori ya nakala, na tuanzie pwani.

Wote tulisoma Kilwa sekondari: masultani, dhahabu ya Sofala, Msikiti Mkuu, halafu Wareno wakaja mwaka 1505 wakauteka mji na kuupora. Lakini majina ya masultani wale tumeyajuaje? Sehemu kubwa ni kutokana na tarikh ya Kilwa iliyoandikwa karne ya 16. Andiko lenyewe la kwanza halipo. Kilichobaki ni matawi mawili. Moja lilimfikia João de Barros, Mreno aliyekuwa akifanya kazi Lisbon, naye akaingiza habari zake katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. La pili ni la Kiarabu, lilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, likafika kwa John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza pale, na leo liko British Library, London.

Sasa angalieni jambo hili. Utangulizi wa lile la Kiarabu unaahidi sura 10, lakini zilizopo ni 7 tu. Na ukiyaweka matawi mawili pamoja, majina ya wafalme na miaka yao havilingani kila mahali. Kwa hiyo hata nakala zenyewe zilichakaa njiani. Lakini kama yangekuwa yote mawili kwenye sanduku moja pale Kilwa, leo mwalimu wa kidato cha pili angekuwa na magofu ya kuonyesha na hadithi chache mno za kusimulia. Umbali wa Lisbon na Zanzibar ndio uliotuokoa, tena bila mtu yeyote kupanga.

Tuje kwa Wajerumani, watu wa mafaili hasa. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana mwaka 1916, kumbukumbu za serikali yao ya kikoloni zilihamishwa kutoka Dar es Salaam kuelekea bara, na nyingi zikazikwa ardhini Tabora. Naam, zilizikwa kama mihogo! Baada ya vita Waingereza wakazifukua, na leo mafaili hayo yapo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Watu huisimulia kama stori ya ujanja. Mimi naiona kama bahati. Mchwa wa Tabora wangekuwa na njaa kidogo zaidi, au aliyejua shimo liko wapi angefia vitani, habari ingeishia hapo. Kuficha kitu kimoja mahali pamoja si kukitunza, ni kucheza bahati nasibu.

Na bahati nasibu hiyo hiyo huko kwao ilikuja kukataa. Tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Uingereza ziliupiga mabomu mji wa Potsdam, na hifadhi kubwa ya nyaraka za jeshi la Ujerumani ikaungua. Humo ndani zilikuwemo nyaraka nyingi za jeshi lao la kikoloni, lile lililopigana na babu zetu wakati wa Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Karatasi za muuaji zikawa majivu. Je, na habari za waliouawa?

Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, vijana kama mimi na wewe, walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita ile. Kazi hiyo waliiongoza Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wakarudi na maandishi ya vinywa vya wazee, na mpaka leo mtu akiandika juu ya Maji Maji haikwepi kazi ile. Kumbe habari ilikuwa na makao mawili: karatasi kule, vichwa vya wazee huku. Moto ulifika kwenye karatasi, haukufika kwenye vichwa. Lakini vichwa navyo vina siku zake. Wangechelewa miaka 20 tu, wangewahoji makaburi.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941, liliwaka moto, na miongoni mwa vyumba vilivyoungua zilikuwemo ofisi za kumbukumbu na za fedha. Jengo limejengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Ukuta unajengeka. Karatasi iliyoungua bila nakala haijengeki.

Wapiga picha wana kanuni yao, aliyeieneza ni Mmarekani Peter Krogh kwenye miaka ya 2000: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. Ukiitazama vizuri ni Kilwa na Maji Maji vimewekwa kwenye tarakimu. Tena msichanganye mambo: picha za simu zikijipandisha zenyewe mtandaoni, mara nyingi ukifuta huku kwenye simu na kule zinafutika. Hicho ni kioo, si nakala. Na flashi iliyokaa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kupoteza kilichomo polepole, kwa hiyo ifungue mara moja moja uangalie kama bado inasoma.

Sasa kwetu Mbangala mambo yakoje? Mtandao unakuja na kuondoka kama wageni wa harusi, na picha za familia nzima ziko kwenye memori kadi moja ndani ya simu moja, inayoingia nayo shambani na machimboni. Likizo iliyopita nilimrekodi bibi mmoja jirani yetu, karibu saa nzima, akisimulia aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu enzi za dhahabu ya Lupa. Nikaacha nakala moja kwenye flashi kwa shangazi Tunduma, nyingine nikaipandisha Google Drive nilipofika kampasi, moja ikabaki kwenye simu. Mwezi wa tatu bibi alifariki. Siku ya arobaini wajukuu walikaa chini ya mwembe wakamsikiliza, na mdogo wao, ambaye hakuwahi kuongea naye sana, aliomba irudiwe mara tatu.

Na jambo la mwisho, majina. Mkoa wa Songwe umezaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Ukienda kutafuta mafaili ya zamani kwa jina la mkoa wa Songwe hutapata kitu, itabidi utafute Mbeya na Chunya. Ndivyo na faili lako linaloitwa "mpya2 final kabisa" litakavyokuchosha miaka kumi ijayo. Andika nani, wapi, lini.

Wikiendi hii, kabla ya mpira, chomoa hiyo memori kadi, nakili picha za mama, mpe ndugu anayekaa wilaya nyingine. Yule jamaa wa hosteli ya jirani sasa anaandika upya sura ya pili, tumwombee. Tupo pamoja wadau, tukutane baada ya mitihani.