Nge Asiye na Mkia

Ukifunua kitabu cha zamani kilichokaa kabatini miaka mingi, yamkini utaona mnyama mdogo sana akitambaa ukurasani, urefu wake milimita 3 au 4 tu. Ana miguu minane, na mbele ana magando mawili kama ya nge. Usiogope, msomaji. Hana mkia wala mwiba, na chakula chake ni utitiri na wadudu wadogo wakaao vitabuni. Huyu ndiye nge-bandia. Wataalamu wamemtafutia nasaba yake kwa muda wa miaka zaidi ya 250, na habari za utafutaji huo zinafaa kujulikana.

Aristotle, bingwa wa Wayunani wa kale, alikwisha kuandika kwamba vitabuni mna wanyama wadogo mfano wa nge wasio na mkia. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alimtazama kwa hadubini, akamchora. Lakini kumchora mnyama si kujua ukoo wake.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alimpa jina la Kilatini, Acarus cancroides, yaani utitiri mfano wa kaa, akamtia katika fungu moja na utitiri. Hata mwaka 1767 bingwa huyo akageuza shauri lake, akamhamishia katika fungu jingine. Baina ya miaka hiyo, mwaka 1762, Mfaransa Geoffroy alikuwa amempa jina la peke yake: Chelifer, maana yake mwenye kuchukua magando. Kwa jina hilo Risso, mtaalamu wa mji wa Nice, aliiita jamaa nzima Cheliferidae mwaka 1827, nayo yaitwa hivyo hata leo.

Basi aina mpya zikazidi kuvumbuliwa, nazo kwa macho matupu zilifanana mno. Ndipo likazuka swali gumu: alama ipi ya mwili iaminiwe? Mmarekani Joseph Conrad Chamberlin, katika kitabu chake cha mwaka 1931, alihesabu vipingili vya nyayo. Wengine wana kipingili kimoja katika kila wayo. Wengine wana viwili. Na wengine wana kimoja katika miguu ya mbele na viwili katika miguu ya nyuma. Kwa hesabu hiyo aliwagawa nge-bandia wote mafungu matatu, na mgawanyo huo ulifuatwa kwa muda wa miaka 60 hivi.

Mwaka 1992 Mark Harvey wa Australia alizipima alama nyingi kwa pamoja, akaona kwamba nyayo peke yake zapoteza. Yeye alitazama sumu iliyomo katika vidole vya magando. Cheliferidae wana sumu katika vidole vyote viwili vya gando. Jirani zao Chernetidae wanayo katika kidole kinachocheza tu. Atemnidae wanayo katika kile kisichocheza. Wako na wasio na sumu kabisa, na hao Harvey aliwakusanya katika fungu moja.

Lakini watu wawili wasio na ng'ombe hawawi ndugu kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 wataalamu walilinganisha chembe za urithi za nge-bandia wengi. Wenye sumu walithibitika kuwa wa asili moja. Wasio na sumu walionekana kuwa wa asili mbalimbali, na fungu lao likavunjwa. Miongoni mwa walioandika habari hiyo alikuwamo Harvey mwenyewe.

Fikiri jambo hilo, msomaji. Linnaeus alisahihisha neno lake mwenyewe mwaka 1767, na Harvey akafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Leo zinajulikana aina zaidi ya 4,000 za nge-bandia, na nyingine zingali zinavumbuliwa. Siku utakapomwona mmoja ukurasani, usimponde. Mtazame, uhesabu miguu yake na vidole vyake, ukumbuke ni mabingwa wangapi waliomhesabu kabla yako wakalazimika kuhesabu tena.