Kuinua bodi ya gari

Kuinua bodi ni kuweka vipande vigumu kati ya bodi na chasi ili matairi makubwa yapate nafasi. Hufanyika kwa magari ambayo bodi imefungwa juu ya chasi kwa bolti, kama Suzuki Samurai na Jeep Wrangler. Marekani na Kanada, wanaojitengenezea nyumbani hutumia hata visahani vya mpira vya hoki ya barafuni, vyenye unene wa sentimita 2.5. Mbao hazifai kabisa, hupasuka. Bolti ndefu na imara ni lazima.

Hatari kubwa imo katika vinavyounganisha bodi na chasi: shafti ya usukani, mipira ya breki na ya mafuta, nyaya za ethi. Rejeta ikipanda na bodi, feni inayobaki na injini huweza kugonga kava lake. Kuinua bodi hakuinui difu; hiyo huinuliwa na matairi makubwa.