Wanja wa Kusambaza: Jina Linalotaja Kazi

Wanja wa kusambaza ni wanja wa penseli wenye ncha laini. Ukishachora mstari, unaulegeza kwa kidole, pamba ya masikio au kibrashi kabla haujakauka, ili ukingo wa jicho uonekane umetiwa kivuli. Katika maduka ya vipodozi ya Kayanga au Omurushaka wilayani Karagwe, au Nkwenda wilayani Kyerwa, penseli hii huweza kukaa kisanduku kimoja na ile ngumu ya kuchorea nyusi, na zote zikaitwa “wanja” tu. Mteja akachukua ngumu, akajikwaruza kope, akasema wanja haumpendi.

Neno lenyewe ni kongwe. Watu wa pwani wanaujua wanja wa manga, unga mweusi wa jiwe lililosagwa, na Manga ni jina la zamani la Arabuni, hasa Omani. Biashara ya pwani nayo ilifika Karagwe mapema: wasafiri Waingereza Speke na Grant walipokwenda kwa Mkama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Siku hizi wanja una jamaa wengi. Wanja wa maji huacha mstari mkali, na unataka mkono usiotetemeka. Wanja wa penseli laini husamehe mkono wa haraka.

Kwa nini “kusambaza”? Wengine husema “kufifisha”, lakini kilichofifia kimepungua rangi, na hapa rangi inabaki, ila imeenea. “Kufuta” ni kuondoa kabisa. “Kutapakaa” ni kuenea bila kutakiwa, kama wanja unapoteremka chini ya jicho saa nane mchana. Kusambaza ni tendo la hiari, lina mwanzo na mwisho, na wapambaji hulitumia kila siku wanapozungumzia poda na faundesheni.

Ulaini hutokana na mchanganyiko. Penseli ina nta, mafuta na rangi, na nyeusi mara nyingi hutoka kwenye oksidi ya chuma au masizi maalumu ya vipodozi. Nta ngumu ikizidi, ncha hukwaruza. Mafuta yakizidi, mstari hautulii. Baadhi huongezwa silikoni inayogeuka mvuke hewani, na hizo hukauka upesi, kwa hiyo sambaza jicho moja kwanza ndipo uchore la pili. Asubuhi za Karagwe na Kyerwa ni za baridi, na nta hukaza. Pitisha ncha mara mbili tatu nyuma ya kiganja ipate joto, kisha ndipo uiguse kope.

Dukani, jaribu kiganjani, kamwe si jichoni, kwa kuwa penseli ya majaribio imepita kwa wengi. Chora mstari, pitisha kidole papo hapo. Ukienea sawasawa bila kumeguka vipande, ni laini. Subiri kidogo, sugua tena. Ukiwa bado unahama wote, hautastahimili safari ya bodaboda kwenye vumbi la kiangazi.

Matumizi ni mepesi. Chora vistari vifupi kwenye mizizi ya nywele za kope ya juu, kuanzia nje kuelekea katikati, kisha sambaza kwenda juu kidogo. Kope ya chini iguse kwa mabaki ya kidoleni tu. Kahawia iliyoiva hufaa kazini na darasani; nyeusi ina nguvu zaidi kwa harusi na sendofu.

Jicho halina badala. Wanja wa unga wa kienyeji huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Nunua wenye lebo ya viambato na tarehe. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango (TBS). Alama ya kikopo kilichofunguliwa hutaja miezi ya kutumia baada ya kufungua. Chonga ncha mara kwa mara, na usiazimane hata na dada yako: mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 ulionyesha maambukizi ya macho yanavyosafiri.

Muuzaji akiandika “wa kusambaza” kwenye kisanduku kimoja na “wa nyusi” kwenye kingine, mteja atajua cha kuchukua kabla hajafungua pochi. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi nzuri.