Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha

Wasikilizaji, leo nataka kuwaeleza habari za mtu wa Shinyanga aliyepewa heshima kubwa na Serikali ya Kiingereza, kisha akaishi hata akaiona serikali ile ikiondoka na utemi wenyewe ukifutwa. Jina lake David Kidaha Makwaia.

Alizaliwa mwaka 1922, mwana wa Mtemi Makwaia wa Usiha. Alisoma Makerere, katika nchi ya Uganda, na mwaka 1945 akarithi kiti cha baba yake. Mwaka ule ule Gavana alimteua yeye pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Hao ndio Waafrika wa kwanza kuketi humo, naye Kidaha alikuwa kijana wa miaka 23 tu.

Baadaye alitiwa katika Tume ya Kifalme, chini ya Sir Hugh Dow, iliyochunguza mambo ya ardhi na uchumi wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Taarifa yake ilitoka mwaka 1955, ikashauri kwamba ardhi iwe milki ya mtu mmoja mmoja. Neno hilo lilikuwa zito kwa Wasukuma, kwa kuwa kwao shamba liligawiwa mtu alilime, wala halikuwa mali ya kuuza. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kulipinga.

Je, Kidaha alikosa akili? La, wala hakukosa elimu. Lakini kiti chake barazani alipewa na Gavana, hakupewa na watu. Tazameni yaliyotokea Geita mwaka 1958. Serikali ilipoweka baraza la Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja, wananchi walilikataa, wakaenda Mwanza kwa miguu kulalamika. Hawakungoja watemi wao wawasemee.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya watemi katika nchi nzima. Kidaha alifariki mwaka 2007.

Basi wanafunzi, msimcheke mzee huyu. Alisimama kati ya wakubwa na watu wake wakati ambapo hapakuwa na Mwafrika mwingine wa kumwonyesha njia. Lakini nanyi mkiitwa barazani siku moja, ulizeni kwanza: nikitoka humu, nitarudi kwa nani kutoa hesabu?