Survivor Ilichezewa Hapa Kenya: Mbinu Zilizobeba na Makosa Yaliyochoma Wasee

Ukitaja shoo za mashindano za TV hapa Machakos, wasee watakuitia Big Brother Africa ama Tusker Project Fame mbio mbio. Lakini kuna moja kubwa zaidi ilirekodiwa hapa hapa Kenya na wengi wetu hatuna habari nayo, labda kwa sababu ulikuwa mtoto ama hata hujazaliwa. Inaitwa Survivor: Africa, msimu wa tatu wa Survivor ya Marekani. Ukitaka kujua vile mtu anaweza kuwa na milioni ya dola karibu mkononi na aipoteze kwa mdomo wake mwenyewe, keti nikupeleke pole pole.

Ilirekodiwa wapi na lini

Kamera ziliwashwa Julai na Agosti 2001 kwa mbuga ya Shaba, Isiolo, ile iko karibu na Archers Post, kando ya Mto Ewaso Ng'iro. Ni mbuga ile ile Joy Adamson, mwandishi wa Born Free, aliuawa mwaka wa 1980. CBS ilianza kuionyesha Oktoba 2001 na fainali ikawa Januari 2002.

Wachezaji walikuwa 16, wote Wamarekani, siku 39 porini. Walilala ndani ya boma la miiba, wakipeana zamu usiku kuchunga moto juu ya simba. Maji yalikuwa machafu na lazima yachemshwe kwanza. Mtu wa Mwala ama Masinga anajua hiyo maisha bila kuelezwa na TV.

Timu mbili zilipewa majina ya watu wa huko, Boran na Samburu. Walipounganishwa wakajiita Moto Maji. Sisi wenye Kiswahili chetu tunajua moto na maji haviishi nyumba moja, na hivyo ndivyo ilienda.

Sheria kwa ufupi

Timu ikipoteza mchezo wa kinga, inaenda baraza usiku na wenyewe wanapiga kura ya siri kumtoa mmoja wao. Baada ya kuunganishwa, kinga ni ya mtu mmoja mmoja. Msimu huo, walipobaki wawili, jopo la watu 7 waliotolewa karibu na mwisho ndilo lilichagua mshindi wa dola milioni 1. Kwa dola ya siku hizi hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 100.

Shika hapo kwa jopo. Yule unamtoa leo ndiye atakuwa hakimu wako kesho. Karibu kila kosa la maana la msimu huu lilitoka kwa mtu kusahau hiyo kitu.

Clarence na mkebe wa maharagwe

Siku za kwanza za Boran, Diane alikuwa mgonjwa. Wengine wakiwa mbali, Clarence akafungua mkebe wa maharagwe ampe Diane, na yeye mwenyewe akajisevia. Wenzake waliporudi ilikuwa noma. Alijitetea kwamba anasaidia mgonjwa, lakini chakula kilikuwa cha wote na hakuuliza mtu.

Ukiwa kwa chama unaijua hii. Mweka hazina akichukua mia mbili bila kusema, hata kama alikuwa anapelekea mgonjwa hospitali, mwezi ujao vitabu vitakaguliwa na watu watatu. Diane alitolewa wa kwanza. Clarence walimweka kwa sababu walihitaji misuli yake kwa michezo, na mara tu timu zilipounganishwa wakamtoa.

Silas alijiona amefika

Samburu waligawanyika vijana wanne upande mmoja na wakubwa wanne upande mwingine. Silas alikuwa kijana wa mbele. Kura ya kwanza ikawa sare, mpaka ikaamuliwa kwa maswali kuhusu kuishi porini Afrika. Mzee Carl akashindwa na Lindsey, akaenda. Kura iliyofuata vijana wakamtoa Linda. Sasa walikuwa na namba, na walianza kutembea kama wenye shamba.

Halafu waandaaji wakaleta kitu haikuwa imewahi kuonekana kwa Survivor. Watu watatu kutoka kila timu walibadilishwa kambi. Silas akajipata Boran pamoja na Frank na Teresa, wale wakubwa alikuwa amewakanyaga. Boran wa asili wakaona nafasi, wakapoteza mchezo makusudi ili waende baraza. Frank na Teresa hawakuwa na sababu ya kumwokoa. Silas akarudi nyumbani.

Huku nyuma Lindsey naye alichomwa na historia. Kura zilipokuwa sare tena, zilihesabiwa zile mtu alikuwa amepigiwa mbeleni, na yeye alikuwa nazo tangu ile usiku ya Carl. Siku hizo, kura ya zamani ilikuwa deni linakufuata.

Lex alipotafuta mchawi

Hapa ndipo pale. Baada ya kuunganishwa, Boran walikuwa mbele kwa namba. Usiku Clarence anatolewa, kura moja ikaangukia Lex. Moja tu, na haikumfanya chochote. Mchezaji mwenye kichwa baridi angelala.

Lex hakulala. Aliamka akihoji kila mtu kama askari wa trafiki: ni nani? Akaamua ni Kelly, mtu wa timu yake mwenyewe. Ukweli ni kwamba ile kura ilikuwa ya Teresa, na Teresa alinyamaza tu akiangalia wenyewe wakilana.

Kelly alipoona anashukiwa bure, akajipanga na wale wanne wa Samburu wamtoe Lex. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, watano kwa wanne. Lakini Brandon, ambaye alikuwa wa Samburu, akaruka akapiga kura na Lex. Kelly akaenda, na akaketi kwa jopo.

Lex aliokoka hiyo usiku, lakini alikuwa ametoa mtu wake mwenyewe kwa kosa la mtu mwingine, na kila mtu aliona. Brandon naye alifikiri amejinunulia nafasi kwa Boran. Kura iliyofuata wakamtoa yeye. Samburu hawakumtaka tena, na Boran hawakuwa wamemuahidi kitu. Ukisaliti upande wako bila kuwa na kiti upande ule mwingine, unabaki kwa lami.

Ethan alishinda aje

Mshindi alikuwa Ethan Zohn, mchezaji wa soka aliyekuwa amecheza Zimbabwe na klabu ya Highlanders. Usidhani hakuwa na mbinu. Alikuwa ndani ya kundi la Boran lililotoa watu, alikuwa karibu sana na Lex, na alihusika kumchoma Silas. Tofauti ni kwamba Lex ndiye alikuwa anaonekana akishika kisu. Ethan alibaki msee wa kupiga story na kila mtu.

Wakabaki watatu: Ethan, Lex na Kim Johnson, mwalimu mstaafu wa zaidi ya miaka 50. Mchezo wa mwisho ulikuwa kusimama umeshika kinyago bila kuachilia. Vijana waliachilia, mama akabaki amesimama. Sasa ni yeye pekee anaamua atakaa na nani mbele ya jopo.

Akachagua Ethan, na akapoteza kura 5 kwa 2.

Watu hubishana mpaka leo kama hilo lilikuwa kosa. Kwa hesabu baridi, ndiyo. Lex alikuwa na maadui kwa jopo, kuanzia Kelly, na ukitaka kushinda unaketi karibu na mtu anayechukiwa kukuliko. Kim alimbeba mtu aliyependwa. Labda roho yake ilimwambia huyo ndiye anastahili, na hiyo ni heshima. Lakini jopo lilikubaliana naye.

Hata waandaaji waliteleza

Walipokuwa wanne, mchezo wa kinga ulikuwa maswali kuhusu wale walioondoka. Swali moja liliuliza ni mwanamke yupi hakuwa ametoboa mwili popote. Jibu lililokubaliwa ni Kelly, kumbe hata Lindsey hakuwa ametoboa. Kinga ikaenda kwa Kim, na Tom akatolewa. Baadaye kosa lilijulikana, na Lex na Tom wakalipwa fidia. Labda Kim hangefika mbali vile bila hiyo kinga.

Usichanganye na Big Brother

Big Brother Africa, wenzako walikuteua lakini watazamaji ndio walikutoa. Ndiyo maana Prezzo wetu alifika nambari mbili mwaka wa 2012 akiwa na mdomo wake wote: kelele inauza kwa watazamaji. Richard wa Tanzania alishinda 2007 na Idris Sultan 2014 kwa kupendwa na watu wa nje ya nyumba. Kelele hiyo hiyo kwa Survivor ingekumaliza wiki ya kwanza, kwa sababu wanaokupigia kura ndio unawapigia kelele usiku kucha.

Kwa hivyo kabla ujaze fomu ya shoo yoyote, uliza swali moja: kura ni ya nani? Kama ni ya watazamaji, onekana. Kama ni ya wenzako, usiguse mkebe wa wote, usitafute mchawi kwa sababu ya kura moja, na mtu ukimtoa, mtoe kwa heshima.

Na doo? Ethan alikuwa amecheza na watoto nje ya hospitali ya Wamba wakati wa shoo, watoto ambao baadaye aliambiwa wana virusi vya UKIMWI. Mwaka wa 2002 yeye na wenzake walianzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia mpira kufundisha vijana kujikinga na HIV, na liko hadi leo.