Triathloni ndefu: aliyemaliza kwa kutambaa
Triathloni ni shindano la michezo mitatu mfululizo: kuogelea, baiskeli na mbio. Ile ndefu iitwayo Ironman ina kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli na 42.2 kwa miguu, zote siku moja.

Tunapoieleza hewani humtaja Julie Moss, mwanafunzi wa Marekani. Februari 1982, huko Hawaii, aliingia Ironman yake ya kwanza, akawaongoza wanawake wenzake. Karibu na mwisho miguu ilimwishia nguvu, akaanguka mara kadhaa. Kathleen McCartney akampita na kushinda. Moss akatambaa hadi mstarini, sekunde 29 nyuma yake. Televisheni ilionyesha tukio hilo, na wengi wakaujua mchezo huu kupitia kwake yeye aliyeshindwa.